Injinia wa Mlangoni

Watu wa jengo letu walimwita Injinia, wengine kwa heshima na wengine kwa kejeli, na yeye aliwaitikia wote kwa sauti ileile. Alikuwa mlinzi wa mlango mkuu, zamu ya usiku, katika jengo la maofisi karibu na daraja la London. Mimi nilikuwa nasafisha ghorofa ya tatu hadi ya tano. Niliingia alfajiri, kabla wenye maofisi hawajatoka vitandani mwao, na mtu wa kwanza kuonana naye alikuwa yeye, amesimama nyuma ya meza ya mapokezi, kidevu kimenyolewa, viatu vinang'aa, utadhani zamu ndiyo kwanza inaanza.

Siku ya kwanza hakuniuliza jina. Aliniuliza, "Huko kwenu ulikuwa unafanya kazi gani?"

Nikamwambia nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Tanga.

"Basi wewe ni Mwalimu," akasema, na hajaniita kitu kingine mpaka leo.

Ndivyo alivyofanya kwa kila mtu. Mama mmoja wa Kongo aliyekuwa akisafisha vyoo alimwita Nesi, kwa sababu alikuwa nesi. Mzee wa Bangladesh aliyekusanya takataka alimwita Hakimu, na kweli yule mzee aliwahi kukaa kwenye kiti cha hakimu huko kwao. Meneja wa usafi alidhani tunataniana. Hatukuwa tukitaniana. Kulikuwa na asubuhi ambazo lile neno "Mwalimu" pale mlangoni ndilo lililonipandisha ngazi.

Nchi yake hakuwahi kuitaja. Alisema "kule". Ukimbana sana alisema "kule juu, kwenye Pembe ya Afrika," kisha anakuuliza habari za watoto. Kiswahili alikiokota Eastleigh, Nairobi, alikoishi miaka kadhaa kabla ya kupata njia ya kuja Ulaya. Kilikuwa Kiswahili cha kununulia nyanya, kisichojua ngeli hata moja. "Hii watu iko na haraka sana," aliniambia siku moja tukiwatazama wafanyakazi wanavyomiminika kutoka stesheni. Mimi mtu wa Tanga masikio yaliniwasha, nikamwambia taratibu, "Watu hawa wana haraka."

Akacheka kidogo. "Mwalimu, hii lugha nilijifunza nikihepa polisi. Wacha ibaki hivyo."

Sikumsahihisha tena.

Kazi zetu zilimalizika karibu wakati mmoja, tukazoea kurudi pamoja na treni ya Jubilee, yeye akishuka Neasden, mimi nikiendelea hadi Kingsbury. London nzima inakuja kazini, sisi tunarudi kulala. Katika treni hizo ndimo nilimomjua.

Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba hakusafiri na sare. Hata kama treni inaingia, hata kama mvua inanyesha na sote tumechoka, alikwenda kwanza kwenye kijichumba cha walinzi akavua koti, shati na tai ya kampuni, akavikunja kwenye mfuko wa plastiki, akavaa sweta lake la kijivu. Nilimwambia siku moja kwamba anatuchelewesha. Akanijibu, "Kutoka pale mpaka nyumbani mimi ni raia."

Lakini mtu huyohuyo alipiga viatu vyake rangi kila siku, na ukichelewa kwa dakika mbili alitazama saa badala ya kukutazama usoni. Nilidhani ni maringo. Nikaja kuelewa siku kampuni yake ilipoleta supavaiza mpya, kijana mwenye sauti kubwa, aliyetaka walinzi wote wajipange mstari kwenye ukumbi wa chini ili akague sare zao. Mimi nilikuwa napitisha mopu karibu na lifti. Walinzi wakajipanga. Injinia akaketi sakafuni.

"Simama!" yule kijana akasema.

"Hapana."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Ukitaka kuangalia shati yangu, angalia. Mstari sisimami."

Aliyasema kwa upole kabisa, miguu ameikunja, mikono juu ya magoti. Ilinitia hofu kuliko kama angepiga kelele. Yule kijana alimwandikia barua ya onyo, na kidogo tu afukuzwe. Kwenye treni nilimwuliza kwa nini ahatarishe mkate wake kwa jambo dogo kama lile. Treni ikafika Neasden. Milango ilipofunguka akasema, "Kwako ni dogo," akashuka.

Jibu lenyewe nililipata majira ya baridi alipopatwa na homa ya mapafu. Nilimpelekea uji wa pilipili manga chumbani kwake, chumba kimoja juu ya duka la simu. Alifungua mlango anatetemeka, blanketi mabegani. Nilipoingia, macho yangu yalikwenda kitandani. Mgonjwa wa homa, ametoka kitandani kunifungulia mlango, na kabla ya kufungua ametandika. Shuka imevutwa ikakazwa, pembe zimekunjwa kama bahasha.

"Kumbe umewahi kuwa kuruta," nikamwambia.

Akashtuka. "Wewe unajua hiyo neno wapi?"

Nikamweleza kwamba kwetu, enzi zangu, ukimaliza kidato cha sita ulikwenda jeshini kwa mujibu wa sheria kabla ya kuendelea na masomo au kazi. Nilikwenda na mimi. Nikamsimulia mchakamchaka wa alfajiri na nyimbo zake, jembe, ugali na maharage kila siku ya Mungu, na afande mmoja mwanamke aliyetulaza chini kwa kosa la kucheka. Nililia wiki ya kwanza, na siku ya kuondoka nililia tena kwa kuwaacha rafiki zangu.

Alikuwa akinisikiliza, bakuli la uji mikononi. "Mlijua mtatoka lini?"

"Tulijua. Kila mtu alijua. Tulikuwa tunahesabu."

"Basi hiyo haikuwa jeshi, Mwalimu," akasema. "Hiyo ilikuwa bodingi."

Siku ile akanieleza yake. Kule, aliyemaliza chuo huenda jeshini, na hakuna anayemwambia atatoka lini. Yeye alisomea uhandisi wa maji. Walimpeleka bondeni kwenye joto kali kujenga mabwawa, kisha barabara, kisha nyumba za wakubwa, kisha mabwawa tena. Waliingia wakiwa vijana, wakaanza kuota mvi wakiwa kuruta. Alioa katika likizo, binti yake akazaliwa yeye akiwa bondeni, na alimwona mara chache tu kabla hajatoroka. Cheti chake cha chuo hakukishika mkononi hata siku moja. Vyeti viliwekwa mpaka mtu aachiliwe, na kwa kuwa hakuachiliwa, alivuka mpaka kwa miguu bila karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba aliwahi kukaa darasani.

"Nchi ikikupenda sana, kimbia," alikuwa akipenda kusema. Watu walicheka wakidhani ni mzaha.

Hapa London alipopewa haki ya kukaa, alianza kutafuta kazi kwa nguvu zote. Ofisi ya kutafutia watu kazi ilimpa mama mmoja mpole wa kumsaidia kuandika wasifu. Yule mama alimwuliza amefanya nini tangu chuo. Jeshi. Na kabla ya hapo? Chuo. Cheti kiko wapi? Hakuna. Nani anaweza kukushuhudia? Mkuu wa kikosi, ambaye akinipata atanifunga. Yule mama aliweka kalamu chini akafikiri, kisha uso wake ukang'aa. "Jeshi ni uzoefu mzuri sana kwa kazi ya ulinzi," akamwambia.

Alinisimulia hayo kwenye treni akitazama paa za Willesden. "Unaona, Mwalimu? Maisha yangu yote nimewapa wasome. Wakachagua ule mstari mmoja niliokuwa nakimbia."

Hakuacha kujaribu. Alisoma kozi za jioni kabla ya zamu, akajifunza programu za kuchorea kwenye kompyuta ya maktaba, akawaandikia wenye makampuni ya maji. Nilimsindikiza kwenye intavyuu moja kwa sababu aliniomba nimwangalie tai. Nilikaa nje kwenye sofa. Alipotoka alikuwa ametulia sana.

"Wameuliza ile miaka," akasema. "Wamesema kuna pengo katika wasifu wangu. Nikawaambia si pengo, nilikuwa kazini, nilijenga mabwawa. Wakauliza, chini ya kampuni gani? Nikasema, jeshi. Basi yule bwana akaanza kuniuliza kama niliua mtu."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia nilimwaga zege."

Hawakumwita tena.

Pamoja na hayo, hakuna mtu aliyenisukuma kama yeye. Mimi nilikwisha kukata tamaa. Cheti changu cha ualimu nilikuwa nacho, nimekitia nailoni, lakini niliona haya kurudi darasani kujifunza Kiingereza na watoto wa umri wa binti yangu. Yeye hakunihurumia. Alinitafutia kozi, alinitungia maswali, alinitesa kila asubuhi kutoka London Bridge hadi Neasden nimsimulie kwa Kiingereza nilichokula jana. Nilipomwambia kwamba mwalimu mzima siwezi kuomba kazi ya kumshikia mwalimu mwingine penseli, alinikasirikia wazi.

"Wewe uko na karatasi! Kichwa ngumu unakaa nayo kwenye sanduku! Meza kiburi, Mwalimu. Kiburi ni ya watu wenye nyumba."

Nilikimeza. Nikapata kazi katika shule moja huku Kingsbury, msaidizi wa darasa, na ndiyo kazi ninayofanya mpaka sasa. Siku ya mwisho pale jengoni alinisindikiza hadi nje ya mlango, jambo ambalo hakulifanya kwa mtu mwingine, akanipa mkono.

Lakini kiburi chake mwenyewe hakukimeza. Kulikuwa na njia ya kupata cheti chake, na kila mtu wa kwao aliijua. Unakwenda ubalozini kwao, unatia saini kwamba unajuta kwa kutomaliza wajibu wako wa jeshi, na kwamba uko tayari kupokea adhabu itakayoamuliwa. Baada ya hapo milango inafunguka: vyeti, pasi, na kadhalika. Wenzake wengi walisaini. Alikuwapo mmoja, daktari wa meno, waliyevuka naye mpaka. Yule alisaini, akapata vyeti vyake, akafanya mitihani ya hapa, sasa ana kliniki. Injinia aliacha kusema naye. Kwenye ubatizo wa mtoto wa rafiki yao waliwekwa meza moja, na Injinia akachukua sahani yake akaenda kula amesimama ukutani.

"Ana watoto," nilimtetea. "Amefanya alichoweza."

"Ajute kwa kuiba, ajute kwa zinaa," akasema. "Lakini kujuta kwa kuwa nilitaka kuishi? Kama nikisaini hiyo, wale tuliowaacha bondeni nitawaambia nini? Kwamba wao ndio walikuwa sawa kukaa?"

Hata hivyo, yule daktari alipovunjika mguu, aliyempelekea supu kila Jumapili alikuwa Injinia. Aliingia, akaweka chungu juu ya jiko, akatoka. Daktari mwenyewe ndiye aliyeniambia.

Kisha ikaja habari ya binti.

Mkewe alikuwa amekwisha kufariki, na binti alilelewa na shangazi yake. Kule mwaka wa mwisho wa shule husomwa kambini; mtoto anaingia na daftari, anatoka na bunduki. Binti hakutaka kwenda. Alijaribu kuvuka mpaka na wenzake, wakakamatwa. Shangazi alipiga simu. Hawasemi mengi kwenye simu kule, maana hujui nani anasikiliza, lakini alisema ya kutosha: msichana yuko ndani, na waliomshika wameuliza habari za baba yake, yule mtoro wa London.

Nilikwenda kumwona. Alikuwa ameketi juu ya kile kitanda kilichotandikwa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa amenyoa.

"Nikisaini watamwacha," akasema.

"Wamekwambia hivyo?"

"Hakuna mtu husema. Unaelewa tu."

Sikumpa shauri. Shauri gani ningempa? Nilipika chai, akainywa, nikaondoka. Wiki ileile alivaa suti yake ya intavyuu akaenda. Baadaye aliniambia kwamba karani alikuwa kijana mwenye adabu, alimwita baba, alimwonyesha kwa kidole pahali pa kuweka jina. Alipotoka nje aliketi kwenye ngazi za nyumba ya mtu.

Siku chache baadaye shangazi alipiga simu tena. Alisema neno moja tu, kwa haraka: ametoka. Simu ikakatika.

Injinia alinipigia nikiwa darasani. Nilitoka kwenye korido nikamsikia akilia kama mtoto. "Ametoka, Mwalimu. Ametoka. Wamemwacha."

Habari za saini yake hazikukaa siri. Kanisani kwao watu waliokuwa wakisimama kumheshimu kila alipoingia waliacha kusimama. Wengine hawakumlaumu kwa sababu ya binti, lakini wapo waliosema kwamba yeye ndiye aliyewanyooshea kidole miaka yote, sasa na ale alichokipika. Akaacha kwenda. Cheti nacho kilifika, baada ya miezi, nakala yenye muhuri, jina lake limeandikwa kwa herufi nzuri za mkono. Alinionyesha bila furaha. Akaomba kazi tena, akaitwa mahali kama patatu. Safari hii hawakuuliza cheti kiko wapi. Waliuliza amefanya nini cha uhandisi katika miaka ya karibuni. Mabwawa yake yalikuwa ya zamani mno, na kazi yake ya karibuni ilikuwa mlango.

Akabaki mlangoni. Mimi na shule yangu, yeye na zamu zake, tukawa tunaonana kwa nadra. Nilisikia kwamba binti hatimaye amevuka mpaka, yuko Nairobi kwa rafiki za baba yake, kwamba wanasheria wanashughulika, kwamba wamepimwa damu kuthibitisha kuwa ni baba na mwana. Ikapita miaka.

Mwaka huu, baada ya Pasaka yao ya Kiorthodoksi, alinipigia simu. Binti amefika. Njoo unywe kahawa.

Nilikwenda Jumamosi mchana. Alikuwa amehamia vyumba viwili palepale Neasden. Alikuwa amezeeka, mabega yameanguka, ila viatu vilikuwa vilevile. Binti alikuwa mrefu kama yeye, amevaa shela jeupe, anakaanga kahawa kwenye kikaango kidogo, moshi umejaa jikoni. Alinisalimu, "Shikamoo, mama Mwalimu," na nilipomjibu akaendelea kwa Kiswahili kilekile cha baba yake, cha Eastleigh, kisicho na ngeli. Nilicheka mpaka nikafuta machozi.

Tulipokunywa kahawa ya kwanza, msimulizi alikuwa Injinia. Alinihadithia yote upya kana kwamba sikuwapo: suti, karani mwenye adabu, zile ngazi, na simu ya shangazi. "Nilisaini Alhamisi," akasema. "Jumatatu, ametoka." Akamtazama binti yake. Binti alikuwa akitazama ndani ya kikombe.

Sukari ikaisha. Injinia akasema anashuka dukani kwa Mgujarati pale chini, binti akasema ataenda yeye, Injinia akakataa, akashuka. Tulisikia hatua zake kwenye ngazi, mlango wa chini ukafungwa.

"Mama Mwalimu," binti akasema, "wewe ni rafiki yake. Nikuambie kitu?"

"Niambie."

"Mimi hawakuniacha." Alikuwa akizungusha kikombe chake mezani. "Nilitoroka. Walikuwa wanatuhamisha na lori, tukaruka, wawili. Mwenzangu alipigwa risasi. Hiyo siku baba anasema alisaini, mimi nilikuwa ng'ambo ya mpaka tayari, siku ya tatu au ya nne. Shangazi alichelewa kupiga simu, alikuwa anaogopa. Aliposema nimetoka, alimaanisha nimetoka nchi."

Niliweka kikombe changu chini.

"Kwenye simu niliogopa, nikataka kumwambia siku ya kwanza pale eapoti," akaendelea. "Lakini hiyo ndiyo kitu ya kwanza yeye aliniambia. Kabla hata ya kuniuliza nimekula. 'Nilisaini, ukatoka.' Alikuwa anaangalia uso yangu, anataka kuona kama inatosha. Nikasema asante, baba."

"Na utamwambia?"

"Kanisa imemwacha. Marafiki wamemwacha. Nimwambie ilikuwa ya bure?" Akanitazama moja kwa moja. "Usimwambie, mama."

Mlango wa chini ulifunguka. Akainuka haraka akaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Injinia akaingia anahema, paketi ya sukari mkononi, na machungwa ambayo hakuna aliyemtuma.

"Mlikuwa mnasema nini?"

"Kahawa," binti akasema. "Mama anasema kwao wanatia tangawizi."

Akaketi. Akafungua sukari polepole, akaikunja vizuri ile ncha ya paketi. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, "Mwalimu, wakati ule wewe hukusema kitu. Ulipika chai, ukaenda. Mimi nimefikiri sana. Ulinilaumu?"

"Hapana."

"Kama ni wewe. Kama ni mtoto wako. Ungesaini?"

Binti alikuwa ametupa mgongo, maji yanatiririka kwenye sinki.

"Ningesaini," nikamwambia. "Siku ileile."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyesomewa hukumu nyepesi kuliko aliyoitegemea, akamwambia binti yake afunge maji aje anitilie kahawa ya pili.